Sanduku la Santuri: Makossa si Kiswahili

Barua za safari hii nyingi ni ubishi wa barazani: nani alitangulia, nani kachukua mdundo wa nani, na mbona wimbo wa kwenye kanda hausikiki kama ule wa kwenye simu. Wimbo mmoja hutoka kwa sura tatu nne, na watu hubishana kila mtu kashika sura yake. Tumechukua barua saba. Walioandika kuuliza kama tunanunua santuri kuukuu: hatununui.

SWALI: Salaam aleikum. Hapa barazani kwetu kuna mzee yuwasema Michael Jackson aliimba Kiswahili, na kwamba lile neno "makossa" ni "makosa" yetu haya haya. Mwengine yuwasema aliyeimba Kiswahili ni Lionel Richie. Tukateni shauri. — Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Wa aleikum salaam. Mzee wenu ameshinda, lakini kwa wimbo mwingine, si huo alioushikilia.

"Makossa" inayosikika kwenye "Wanna Be Startin' Somethin'", wimbo unaofungua albamu ya Thriller ya 1982, ni neno la Kiduala, lugha ya pwani ya Kameruni, na ni jina la mtindo wa dansi wa huko. Limetoka kwa mpiga saksafoni Manu Dibango, aliyetoa "Soul Makossa" mwaka 1972. Wimbo huo ulikuwa upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika, lililochezwa Kameruni mwaka huo huo. Upande wa kwanza, ule wa mpira, leo haujui mtu. Dibango alikuwa akichezea silabi za neno lenyewe, analikata na kulirudia. Michael akazigeuza silabi hizo kuwa kiitikio cha kundi zima mwishoni mwa wimbo. Dibango alidai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama. Rihanna alipokirudia kibwagizo hicho mwaka 2007 katika "Don't Stop the Music", mzee wa watu akarudi tena kudai.

Kiswahili chenyewe kimo kwenye "Liberian Girl", albamu ya Bad, 1987. Sikilizeni mwanzo kabisa, kabla Michael hajafungua mdomo: sauti ya mwanamke inasema nakupenda pia, nakutaka pia. Huyo ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Maneno ni yetu na yanaeleweka, ila Liberia hakusemwi Kiswahili. Ni kama kumsifu binti wa Lamu kwa Kiwolofu.

Ama Lionel Richie, ile "jambo" ya kwenye "All Night Long" ya 1983 ni yetu. Yale mengine yanayoizunguka, yanayosikika kama lugha ya mbali, si lugha ya mtu yeyote. Richie mwenyewe amekwisha kueleza kwamba aliyabuni. Msihangaike na kamusi.

Na kama kahawa bado ipo kwenye dele, ongezeni huu wa nyumbani. "Jambo Bwana" ni ya Them Mushrooms, kundi lililoanzia hapa hapa Mombasa mwaka 1972 na kuzoeleka kwenye mahoteli ya pwani. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison, na wimbo ulitoka 1982. Ule wa Boney M., kundi la Ujerumani, ulitoka 1983. Kijana akiwaambia Mushrooms ndio walioiga, mwambieni asome mwaka kwanza.

SWALI: Nina kanda ya C90 niliyorekodi redioni miaka ya 1990. Upande A ni Coolio, 2Pac na Fugees, upande B mchanganyiko. Sasa nikiipiga sauti hutoka kama mtu anayesema ndani ya blanketi, na upande B ni mbaya zaidi. Fundi ameniambia kanda imekufa, niitupe. Mimi nataka kuitia kwenye kompyuta. — Mama wa watatu, Kisauni

JIBU: Usiitupe, mama. Kanda iliyokufa hukata sauti na kuirudisha, au haitoi kitu. Sauti ya blanketi ni jambo jingine: maana yake matoazi na zile "s" na "sh" za mwimbaji hazisomwi, na mara nyingi mwenye kosa ni mashine.

Kabla hujashika bisibisi, tazama vitufe. Kama deki yako ina swichi ya Dolby, ile ya kupunguza mvumo wa kanda, na imewashwa, izime. Kanda iliyorekodiwa bila Dolby ikipigwa na Dolby hupoteza sauti za juu papo hapo, na redio kaseti nyingi za nyumbani hazikuwa na kitu hicho. Kama kuna swichi ya aina ya kanda, irudishe kwenye Normal. Ikiwa kwenye CrO2 au Metal, ambazo ni za aina nyingine za kanda, kanda ya kawaida hufifia. Huenda tatizo likaishia hapo bila kutumia shilingi.

Likibaki, safisha. Tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ya kufutia vidonda ina maji mengi. Fungua mlango wa kaseti na ubonyeze PLAY bila kaseti ndani ili hedi, yaani kile kichuma kinachosoma utepe, isogee mbele. Kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, sugua hedi, kisha kile kichuma chembamba kinachozunguka, kisha gurudumu la mpira linalokibana. Pamba itatoka rangi ya kahawia. Hiyo ni unga wa chuma uliobanduka kwenye kanda za miaka yote. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe, halafu ngoja dakika 10 ikauke.

Bado ni blanketi? Basi ni pembe ya hedi, na hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa mapema. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu na hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ndani ya upana huo zimebanwa njia nne za sauti, mbili za kila upande. Mwanya wa hedi unaosoma ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo ukiinama hata kidogo tu ukilinganisha na ule wa mashine iliyorekodi, sauti za juu hufutana zenyewe. Tazama kando ya hedi: kuna skrubu mbili ndogo. Moja imekazwa imara, nyingine ina springi chini yake. Ya springi ndiyo yako. Itie alama kwa rangi ya kucha ujue ilipokuwa, piga kanda, kisha igeuze polepole mno, chini ya robo mzunguko, huku na huku, ukisikiliza matoazi. Pana mahali yatazuka ghafla kama mtu aliyefungua dirisha. Acha hapo. Deki ikiwa na swichi ya mono, ile inayounganisha kulia na kushoto, itumie wakati wa kutafuta, maana kosa husikika zaidi. Ukigeuza upande B, rudia kazi yote, kwa kuwa ganda la kaseti likipinda kidogo pande mbili hazikai sawa. Ndiyo maana B yako ni mbaya zaidi.

Angalia pia katikati ya mdomo wa kaseti. Pana kipande kidogo cha kitambaa kizito juu ya springi ya shaba, ndicho kinachousukuma utepe ugandane na hedi. Gundi yake huyeyuka kwa joto, hasa kanda zilizokaa garini. Kama kimeanguka, nunua kaseti yoyote yenye skrubu tano, ifungue juu ya kitambaa cheupe, uhamishie humo magurudumu yako mawili ya utepe pamoja na karatasi laini zilizo juu na chini yake. Usishike utepe kwa vidole vyenye mafuta.

Kwa hali ya hewa ya kwetu, pia chungulia kwenye kidirisha. Ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni ukungu. Usiipige, itaambukiza deki na kanda zote zinazofuata. Iweke siku kadhaa ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye viatu vipya, usiianike juani kwa sababu ganda litapinda. Kisha vaa barakoa, tia kalamu ya Bic kwenye tundu la gurudumu na uzungushe kwa mkono hadi mwisho na kurudi, ukipangusa vumbi linalotoka. Baada ya kuipiga, safisha hedi tena.

Kuhamisha sasa. Waya utoke LINE OUT ya deki uingie LINE IN ya kompyuta. Laptopu nyingi zina tundu la maiki tu. Hilo litakupa mono iliyokwaruza, kwa hiyo nunua kiunganishi kidogo cha USB chenye LINE IN. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Chagua hertzi 44,100, biti 16, stereo. Piga kwanza sehemu yenye kelele zaidi na ushushe kiwango mpaka vilele viguse kama desibeli 6 chini ya sifuri, maana kikivuka sifuri sauti hupasuka na hakuna dawa. Peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kurekodi ili utepe ulegee. Dakika moja hula kama megabaiti 10, kwa hiyo C90 nzima ni chini kidogo ya gigabaiti moja. Hifadhi WAV au FLAC. MP3 tengeneza baadaye, ya kuwatumia watu kwa simu.

Kama unazo C120, anza na hizo kesho asubuhi. Utepe wake ni mwembamba sana kuliko wa C60, hunyooka, na ndizo deki hupenda kuzila.

SWALI: Nimepewa kazi ya muziki kwenye mkutano wa waliomaliza shule 1998, ufukweni. Wanataka za wakati wao na za kaka zao. Nikichanganya, midundo inagongana. Nifanyeje? — Dijei chipukizi, Mtwapa

JIBU: Panga kwa kasi, si kwa mwaka wala kwa jina la msanii. Hesabu mapigo kwa saa ya simu: sekunde 30, zidisha kwa 2.

Ukifanya hivyo utaona ngoma zao zinakaa kwenye mafungu. Chini kabisa kuna "Gangsta's Paradise", kama mapigo 80 kwa dakika, kisha "California Love" kama 92 na "Juicy" kama 96. Hizo ni za kulia pilau na kusalimiana. Fungu la pili ndilo tamu: "Another One Bites the Dust" ya Queen kama 110, "Rapper's Delight" kama 111, "Ice Ice Baby" kama 116, "Billie Jean" 117. Juu yake kuna za Ulaya, "Rhythm Is a Dancer" kama 124 na "Pump Up the Jam" kama 125. Kileleni "U Can't Touch This", kama 133.

Ndani ya fungu utachanganya. Kati ya mafungu usijaribu. Chukua tofauti, gawa kwa kasi ya unayoiacha, zidisha kwa 100. Kutoka 111 kwenda 117 ni asilimia 5.4. Technics SL-1200MK2, ile mashine ya 1979 ambayo madijei waliifanya kipimo, inapanda na kushuka asilimia 8, kwa hiyo inawezekana. Lakini kila asilimia 6 hupandisha sauti karibu nusu toni nzima, na Michael ataanza kusikika kama mdogo wake. Gawana mzigo: inayotoka ipandishe 2 au 3, inayoingia ishushe kiasi hicho, halafu zirudishe polepole wakati watu wanacheza. Kama programu yako ina kifungo cha kushikilia toni, kitumie, ila kikivutwa sana sauti ya mtu hutetemeka.

Kutoka 96 kwenda 110 ni zaidi ya asilimia 14. Hapo kata. Kata mahali ubeti unapokwisha, si popote: nyimbo hizi karibu zote huenda kwa mafungu ya mapigo 32, yaani mistari 8 ya mapigo manne manne. Kwa kasi ya 117 mapigo 32 huchukua kama sekunde 16. Hesabu kwa kidole, piga ya pili kwenye pigo la kwanza. "Billie Jean" ni zawadi ya dijei kwa sababu inaanza na ngoma tupu, halafu besi ndiyo inaingia. Zile ngoma tupu ndizo za kulaza juu ya mwisho wa wimbo mwingine.

Mfuatano ambao hauangushi: Queen, kisha "Rapper's Delight". Zote mbili zimezaliwa na besi moja, ya "Good Times" ya Chic, 1979. Watu hawatajua kwa nini miguu yao haikusita, lakini haitasita. Toleo refu la "Rapper's Delight" lina dakika 14 na nusu. Ukihitaji kwenda kula, huo ndio wimbo wako.

Mambo mawili ya mwisho. Nyimbo zilizochapishwa upya baada ya 2000 mara nyingi zimepandishwa sauti kuliko diski za asili, kwa hiyo sawazisha kwa kila wimbo kwa kutazama mita, usiamini sikio saa tano usiku. Na kwa 2Pac, beba toleo la redio. Waliomaliza 1998 watakuja na watoto wao.

SWALI: Nimenunua santuri ndogo za 45 Mwembe Tayari. Tundu la katikati ni kubwa, haikai kwenye mashine. Nimeuziwa mbovu? — Msomaji, Tudor

JIBU: La, santuri nyingi za 45 zilitengenezwa hivyo. Tundu kubwa ni milimita 38, kinundu cha mashine yako ni kama milimita 7. Tafuta kile kiduara cha plastiki cha kujazia, au umpe mchongaji akukatie. Lazima kitobolewe katikati hasa. Kikienda kando hata milimita moja sauti itayumba kama mlevi. Na ziwekwe kwenye 45, si 33, la sivyo kila kitu kitaburuta kwa zaidi ya robo.

SWALI: Mimi ni msanii wa rapu. Nataka kukata sekunde 4 za wimbo wa zamani nizizungushe. Wenzangu wasema chini ya sekunde 7 ni bure. Mbona Vanilla Ice alifanya? — Likoni

JIBU: Hakuna sekunde za bure, ndugu yetu. Hesabu hiyo ya sekunde 7 haimo kwenye sheria ya Kenya wala ya Marekani. Ni maneno ya maskani.

Kila wimbo una haki mbili, na ukizichanganya ndipo unapoumia. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na tuni. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio. Ukikata sekunde 4 umezigusa zote mbili. Ukimwita mpiga gitaa akapiga upya, umeikwepa ya rekodi lakini ya utunzi imebaki. Ndivyo ilivyokuwa 1979: besi ya "Rapper's Delight" ilipigwa upya na bendi, na bado Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic walidai wakaandikwa watunzi.

Vanilla Ice alifanya, ndiyo, na "Ice Ice Baby" ya 1990 ikawa rapu ya kwanza kushika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100. Besi yake ni ya "Under Pressure" ya Queen na David Bowie, 1981. Mwanzoni hakuwataja, alijitetea kwamba yake ina noti moja ya ziada. Noti hiyo ilimgharimu, maana mwisho alilipa na majina yao yakaandikwa. (Wimbo huo huo ndio Saleh J wa Dar es Salaam alioutilia maneno ya Kiswahili mwaka 1991, na wengi huhesabu rapu ya Kiswahili kuanzia hapo.) MC Hammer naye yalimkuta: "U Can't Touch This" imejengwa juu ya "Super Freak" ya 1981, Rick James akashtaki, na mwisho akaandikwa mtunzi.

Mlango ulifungwa Desemba 1991, mahakama ya New York ilipomhukumu rapa Biz Markie kwa kuchukua wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila idhini. Tangu hapo kampuni za Marekani zikawa haziachii rekodi kabla ya barua za ruhusa. Albamu iliyofuata ya Biz Markie, 1993, aliiita All Samples Cleared!, na hiyo ni kejeli tupu.

Kabla ya kuandika barua, jua unamwandikia nani. Geuza santuri au diski utazame alama mbili: P ndani ya duara ni mwenye rekodi, C ndani ya duara ni mwenye haki ya jalada na maandishi. Mtunzi ameandikwa chini ya jina la wimbo, kwenye mabano, na hao wawili wanaweza kuwa hawajuani. Mfano mzuri ni "I'll Be Missing You" ya Puff Daddy na Faith Evans, 1997. Gitaa lile linalotambulika kwa sekunde mbili lilipigwa na Andy Summers wa The Police, lakini fedha za utunzi zilikwenda kwa Sting, kwa kuwa ndiye pekee aliyeandikwa mtunzi wa "Every Breath You Take". Kwenye barua taja sekunde ya ngapi hadi ya ngapi, utaizungusha mara ngapi, na utatoa wapi. Ambatanisha wimbo wako. Mwenye mali anaweza kuweka sharti: Coolio alieleza kwamba Stevie Wonder hakukubali "Pastime Paradise" itumike mpaka matusi yaondoke, na "Gangsta's Paradise" ikatoka safi mwaka 1995, ikauza kuliko zote Marekani mwaka huo. Sharti si tusi.

Ukitaka za nyumbani, hesabu ya Kenya ni hii: rekodi inalindwa miaka 50 baada ya kwisha mwaka iliyorekodiwa, na utunzi miaka 50 baada ya kwisha mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya 1982 ina mwenyewe hadi mwisho wa 2032. Wimbo wako mwenyewe uandikishe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla hujautupa YouTube, kwa sababu mashine ya YouTube ya kutambua nyimbo haihitaji hata sekunde 7 zenu.

SWALI: Kwenye video ya "Pump Up the Jam" yule msichana mwembamba ni nani? Mke wangu yuwasema siye aliyeimba. — Bamburi

JIBU: Mkeo yuko sawa. Wa kwenye video na kwenye jalada ni mwanamitindo aitwaye Felly, anafungua mdomo tu. Aliyeimba ni Ya Kid K, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ubelgiji, na mtayarishaji ni Jo Bogaert. Ulitoka 1989 ukafika namba 2 Marekani na Uingereza. Tazama midomo kwenye mistari ya kasi, utaona inachelewa.

Mchezo huo ulikuwa mwingi wakati ule. Frank Farian, mtayarishaji wa Boney M., ndiye aliyeimba sauti nzito ya kiume ya kundi lile studio huku Bobby Farrell akicheza mbele ya kamera, na watu hawakujali. Baadaye akarudia na Milli Vanilli: Rob na Fab wakicheza, wengine wakiimba. Julai 1989, jukwaani Connecticut, rekodi iliyokuwa ikiwaimbia ilikwama ikawa inarudia neno lile lile, na Rob akakimbia. Walipewa Grammy Februari 1990, wakanyang'anywa Novemba. Kwa maoni yetu kosa lilianza pale walipoficha majina ya waimbaji. Dansi yenyewe ilikuwa nzuri.

SWALI: Redio kaseti yangu inakimbia. Michael anaimba kama mtoto. Nipime vipi bila vifaa? — Fundi wa nyumbani, Majengo

JIBU: Piga "Billie Jean" kutoka kaseti halisi ya Thriller, si ya kurekodiwa redioni, na ushike saa. Ya kwenye albamu ina dakika 4 na sekunde 54, yaani sekunde 294. Ikiisha kwa 280, mashine inakimbia asilimia 5.

Fungua mgongo utafute mota. Nyingi zina kitundu kidogo nyuma, na ndani yake skrubu ya kasi. Tumia bisibisi ndogo ya plastiki au ya mpini uliofunikwa, geuza unywele mmoja, pima tena. Usipime kwa sehemu ya wimbo. Pima wote, maana kosa la sekunde moja kwenye dakika moja ni kubwa kuliko kwenye tano. Kama kasi inapanda na kushuka yenyewe, achana na skrubu, ni belti. Ikiwa imegeuka lami, ifute yote kwa spiriti, zungusha uzi pale inapopita, pima urefu, na ununue iliyo fupi kwa asilimia 5 hadi 10 ili ivutike kidogo. Nene kuliko ile ya zamani haifai. Itailemea mota, na utajikuta kwenye sekunde 310, yaani mashine inaburuta.